Njia ya Mgongoni mwa Vilima vya Chaki

Katika jimbo la Buckinghamshire, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya London, iko nyumba kubwa ya kale ya matofali mekundu iitwayo Chequers. Hiyo ndiyo nyumba ya mapumziko ya Waziri Mkuu wa Uingereza, awe wa chama chochote. Mwenyewe, Sir Arthur Lee, aliitoa kwa taifa. Bunge likatunga sheria ya kuipokea mwaka 1917, na tangu mwaka 1921 Mawaziri Wakuu wamekuwa wakienda huko mwishoni mwa juma kupumzika na kupokea wageni wa heshima. Marais wengi wamepita katika barabara yake ya kuingilia. Lakini barabara hiyo hiyo huweza kukatwa na mtu yeyote aliyevaa viatu vya matope, mwenye mkate mfukoni na mbwa wake kwenye kamba, asiulizwe jina lake wala aendako.

Jambo hilo humshangaza mgeni, hasa mgeni aliyepata kushika zamu langoni mwa mkubwa. Askari hufundishwa kwamba mahali penye kulindwa hapana mpita njia. Huko Chequers wapita njia wapo kila siku. Njia yao inatoka shambani, inapenya katika kilango kidogo cha mbao, inaikata barabara ya nyumba, inaingia katika kilango cha pili, kisha inapotelea upande wa pili wa malisho. Kamera zinamtazama apitaye, na vibao vinamwonya. Tangu mwaka 2007 mahali hapo pamewekwa katika orodha ya sehemu zinazolindwa kwa sheria maalumu, hata kwamba kuingia humo bila ruhusa ni jinai. Basi mtembezi akiwa juu ya njia ni raia mwenye haki yake. Akiiacha na kuielekea nyumba, amekwisha kutenda kosa la kukamatwa. Polisi wa hapo hawana budi kuijua tofauti hiyo barabara.

Njia yenyewe huitwa Ridgeway, maana yake njia ya mgongoni, kwa sababu inafuata mgongo wa vilima. Ina urefu wa kilomita 139 hivi. Inaanzia Overton Hill, karibu na kijiji cha Avebury upande wa magharibi, nayo inaishia katika kilima cha Ivinghoe Beacon upande wa mashariki. Serikali iliifungua rasmi mwaka 1973 kuwa moja ya njia za taifa za kutembea kwa miguu, na alama yake ni tunda la mwaloni lililochorwa juu ya vigingi. Watu huimaliza kwa siku sita au saba. Wengine hutembea kipande kimoja tu siku ya Jumapili, mama na baba na watoto, wakarudi nyumbani jioni kwa garimoshi.

CHAKI NA GUMEGUME

Vilima hivyo vyote ni vya chaki. Mwalimu aliyezoea kuandika ubaoni atadhani anakijua kitu hicho, ingawa siku hizi chaki ya ubaoni mara nyingi hutengenezwa kwa jasi. Chaki ya vilima ni jiwe laini jeupe, lililofanyika chini ya bahari kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita. Ni magamba ya vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, yaliyozama na kurundikana kwa muda usiokadirika. Mvua ikinyesha juu ya jiwe hilo haitiririki, bali hunyonywa ndani. Kwa hiyo juu ya vilima hakuna mito, na vijiji vimepangana chini, pale chemchemi zitokapo. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu wa kale kupita juu: ardhi ilikuwa kavu na wazi, hali mabonde yalikuwa na tope na msitu mzito.

Ndani ya chaki mna mabonge meusi magumu kama chuma. Hayo ndiyo mawe ya gumegume. Watu wa zamani waliyachonga wakapata mashoka na visu; baadaye yalitumika katika bunduki. Jina la bunduki ya gumegume halihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa Kiswahili, lakini huenda wengi hawajui kwamba mji mdogo wa Brandon, mashariki ya Uingereza, ulikuwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa kuchonga vipande vya mawe hayo kwa ajili ya jeshi la Uingereza wakati wa vita vya Napoleon. Majeshi ya Ulaya yalipoziacha bunduki hizo, mafundi wa Brandon hawakufunga kazi. Waliendelea kuuza mawe yao Afrika hata katika karne ya 20. Wazee wengi waliowinda kwa bunduki za namna hiyo walikuwa wakipata cheche kutoka chaki ya Uingereza bila ya kujua.

Anayeanza safari upande wa magharibi hukutana kwanza na kazi za watu hao wa kale. Avebury ni kijiji kilichojengwa ndani ya duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Karibu yake kiko kilima cha Silbury, chenye kimo cha mita 30 hivi, ambacho si kilima cha Mungu. Kilirundikwa kwa mikono ya binadamu, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana kilifanywa kwa sababu gani. Kutoka hapo njia inapanda. Kwa siku mbili au tatu mtembezi huwa juu kabisa, upepo ukimpiga pande zote, chini ya miguu yake njia nyeupe pana, na kando yake majani mafupi yaliyolishwa na kondoo. Majani hayo si ya kudharauliwa. Katika mita moja ya mraba ya malisho ya chaki yasiyowahi kulimwa huweza kuhesabiwa aina 40 za mimea. Sehemu kubwa ya malisho ya namna hiyo ilipotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye, serikali ilipohimiza kilimo cha nafaka na plau ikapandishwa hadi vileleni.

Baada ya ngome kadhaa za udongo zilizoachwa na watu wa Enzi za Chuma, njia inafika kwenye kaburi la mawe liitwalo Wayland's Smithy, yaani karakana ya mhunzi Wayland. Limezungukwa na miti, nalo lina umri wa zaidi ya miaka 5,000. Wenyeji walikuwa wakisema kwamba msafiri ambaye farasi wake ameng'oka chuma cha kwato amwache hapo pamoja na sarafu ya fedha juu ya jiwe, kisha aende zake. Akirudi hukuta sarafu haipo na farasi ana kiatu kipya, lakini mhunzi haonekani. Hadithi hiyo ni ya zamani, maana jina la Wayland limeandikwa katika hati ya ardhi ya mwaka 955.

Mwendo wa nusu saa mbele yake yuko Farasi Mweupe wa Uffington. Huyu ni mchoro wa farasi anayekimbia, wenye urefu wa mita 110, uliochimbwa ubavuni mwa kilima na kujazwa chaki nyeupe. Kwa muda mrefu watu walibishana. Wengine walisema ni kazi ya mfalme Alfred aliyeshinda vita karibu na hapo. Katika miaka ya 1990 wachunguzi walipima udongo wa chini yake, wakaona kuwa umri wake unakaribia miaka 3,000. Lililo kubwa zaidi ni kwamba farasi huyo hawezi kujitunza. Akiachwa bila kupaliliwa, majani humla. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote hiyo, wakati wa Warumi, wakati wa Wasaksoni, wakati wa tauni na wakati wa vita, walikuwapo watu wa vijijini waliopanda kilimani na kung'oa magugu. Leo kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, wamepiga magoti, nyundo mkononi, wakisindilia chaki mpya.

Mara moja tu farasi alifichwa kwa makusudi. Katika Vita vya Pili vya Dunia alifunikwa kwa majani na matawi, ili marubani wa Ujerumani wasimtumie kujua mahali walipo. Vita vilipokwisha akafunuliwa.

HAKI YA KUPITA

Sasa hapana budi kueleza jinsi njia inavyoweza kukatiza katika mashamba ya watu bila ugomvi, au kwa ugomvi usiozidi kiasi. Katika Uingereza na Wales kuna njia za umma za mashambani zenye jumla ya kilomita 225,000 hivi. Ardhi zinazopita si ya umma. Ni ya wakulima, makabaila, makanisa, makampuni, hata ya mfalme. Lakini juu ya ardhi hiyo kila mtu ana haki moja, nayo ni kupita. Hana haki ya kulima, kukata kuni, kuwinda wala kujenga kibanda. Apite, apumzike kidogo, ale chakula chake, aondoke.

Kanuni ya kale ya sheria ya huko ni kwamba njia ikiisha kuwa ya umma hubaki ya umma. Haifi kwa kutotumiwa. Yaweza kuota miiba kwa miaka 100, na siku moja mtu akaja na ushahidi, nayo ikafunguliwa tena. Kadhalika njia mpya yaweza kuzaliwa: watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, hadharani, bila kutumia nguvu na bila kuomba ruhusa, na mwenye ardhi asionyeshe kuwa hakubali, sheria huhesabu kwamba amewapa njia. Ndiyo sababu wenye mashamba wengine huweka vibao vya kusema kwamba njia fulani ni ya hisani tu.

Mkulima naye amewekewa wajibu. Akilima na kuivuruga njia ya miguu inayokatiza katikati ya shamba, lazima aifanyize tena katika siku 14, iwe na upana wa mita moja angalau. Haruhusiwi kuacha fahali wa aina ya ng'ombe wa maziwa aliyepita umri wa miezi 10 katika shamba lenye njia ya umma. Asipotii, halmashauri yaweza kumshtaki. Kwa kweli halmashauri nyingi hazina fedha za kutosha wala wafanyakazi, na watembezi hulalamika kila mwaka juu ya njia zilizozibwa kwa mahindi au kwa waya. Sheria nzuri bila karani wa kuifuatilia ni karatasi tu, na hilo si la Uingereza peke yake.

Kwa wasomaji walio polisi, liko jambo moja la kupendeza. Mtu akiiacha njia na kuingia katika shamba la mwingine bila ruhusa, kwa kawaida hajatenda jinai. Amemkosea mwenye shamba, ambaye aweza kumwamuru atoke, na aweza kumdai mahakamani kama ameharibu kitu. Polisi hawamkamati kwa kosa hilo peke yake. Vile vibao vya zamani vilivyoandikwa kwamba waingiao watashtakiwa vilikuwa vitisho visivyo na nguvu, na wanasheria wa huko walivitania kuwa ni uwongo wa ubao. Tofauti zipo: reli, viwanja vya jeshi, na mahali kama Chequers.

Haki hiyo haikupatikana kwa ukarimu. Tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya jirani waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, kaskazini, uliokuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Walipambana na walinzi wa mlima. Vijana watano walifungwa kati ya miezi miwili na sita, si kwa kuingia, maana hilo halikuwa jinai, bali kwa mashtaka ya fujo na kupiga. Mlima huo si wa chaki, na uko mbali na njia ya mgongoni; hata hivyo kelele za siku ile zilisaidia kuleta Sheria ya mwaka 1949, iliyoanzisha hifadhi za taifa na kuziamuru halmashauri ziandike njia zote za umma katika ramani rasmi. Sheria nyingine ya mwaka 2000 iliwapa watu ruhusa ya kutembea huru katika milima, nyika na malisho kadhaa ya vilima, ambayo kwa jumla ni kama asilimia 8 ya ardhi ya Uingereza.

Na ramani hizo asili yake ni jeshini. Idara ya ramani ya Uingereza, Ordnance Survey, ilianzishwa mwaka 1791 chini ya bodi iliyosimamia silaha, serikali ikiogopa Wafaransa wasije wakavuka bahari. Kusini mwa nchi ndiko kulikoanza kupimwa. Leo mama wa nyumbani hununua dukani ramani ya kipimo cha moja kwa 25,000, ambayo kila njia ya umma imechorwa kwa rangi ya kijani: vidoti vifupi ni njia ya miguu, virefu ni njia ya miguu na farasi. Mashambani vigingi vina mishale: wa njano kwa watembea kwa miguu, wa buluu kwa wenye farasi na baiskeli. Mwanajeshi aliyesoma ramani kwa dira hawezi kupotea huko hata akitaka.

MSITU WA KALE

Katika mji wa Goring njia inavuka mto Thames, na nchi inabadilika. Upande wa pili ni vilima vya Chiltern. Chaki ni ile ile, lakini hapa imevikwa msitu, na sehemu kubwa ya miti yake ni ya aina iitwayo bichi (jina hilo halina uhusiano wowote na ubichi). Shina lake ni laini la kijivu, limenyooka kama nguzo ya msikiti, na majani yake ya juu hufunika kabisa hata chini kunakuwa na kivuli kizito na zulia la majani makavu. Mwishoni mwa Aprili, kabla majani hayajafunga, sakafu yote ya msitu hugeuka buluu kwa maua madogo mfano wa kengele. Watu husafiri kutoka London kwa ajili ya kuyatazama tu.

Maua hayo ni ushahidi. Huenea polepole sana, hivyo yakionekana kwa wingi chini ya miti, aghalabu mahali hapo pamekuwa msitu kwa karne nyingi. Uingereza huita msitu kuwa wa kale endapo umekuwapo mfululizo tangu mwaka 1600 au kabla yake. Misitu ya namna hiyo imebaki kama asilimia 2.5 tu ya nchi nzima. Haina maana kwamba haikuguswa na binadamu. Misitu ya Chiltern ilifanya kazi ngumu. Mafundi walipiga kambi humo, wakakata bichi na kukereza miguu ya viti kwa chombo kilichoendeshwa kwa mguu, kamba na mti mwembamba uliopindwa. Miguu hiyo ilipelekwa mji wa High Wycombe, ambako mwaka 1875 ilikadiriwa kuwa viti 4,700 hutengenezwa kwa siku. Msitu ulikatwa kwa zamu, ukaota tena, na ndiyo sababu hakuna aliyeona faida ya kuung'oa ili apande ngano.

Vita navyo vilichukua sehemu yake. Karibu na mji wa Wendover, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Alfred de Rothschild, mwenye msitu wa Halton, aliitoa miti yake ikatwe kwa ajili ya kutegemeza mahandaki kule Ufaransa. Baada ya kifo chake ardhi hiyo ilinunuliwa kwa ajili ya jeshi jipya la anga. Kidogo mbele ya Chequers, juu ya kilima cha Coombe chenye kimo cha mita 260, njia inapita chini ya mnara wa ukumbusho uliosimamishwa mwaka 1904. Ni wa watu 148 wa Buckinghamshire waliokufa katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Radi iliupiga mwaka 1938, ukajengwa upya. Watoto hukaa juu ya ngazi zake wakila biskuti, na wachache husoma majina.

Lakini si kila mara jeshi limekuwa adui wa ardhi. Kusini zaidi, katika uwanda wa chaki wa Salisbury, jeshi la Uingereza lilianza kununua ardhi mwaka 1897 kwa ajili ya mazoezi, na leo lina zaidi ya kilomita 350 za mraba. Kwa kuwa mizinga haipendi plau, malisho ya kale yamesalia humo kuliko mahali pengine popote kaskazini-magharibi ya Ulaya. Maua na vipepeo vilivyofutika mashambani vinaishi kati ya mashimo ya mabomu. Bei ya jambo hilo ililipwa na kijiji cha Imber. Mwezi Novemba 1943 wanakijiji waliitwa wakaambiwa wahame kabla ya Krismasi, ili Wamarekani wapate pa kufanyia mazoezi. Waliondoka. Wengi waliamini watarudi vita vikiisha, na hawakurudi. Kanisa limebaki, nalo hufunguliwa siku chache za mwaka. Siku nyingine bendera nyekundu hupepea, na hakuna njia.

Tishio la sasa kwa misitu ya Chiltern ni la namna mbili. La kwanza ni ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya aina ya ashi, uliogunduliwa katika misitu ya Uingereza mwaka 2012. Miti hiyo hukauka kuanzia juu, matawi yakaanguka bila onyo, na kando ya njia za umma haina budi kukatwa. La pili ni reli ya mwendo wa kasi kutoka London kwenda Birmingham. Sehemu yake kubwa inapita chini ya vilima katika handaki la kilomita 16, lakini inapotokeza kuelekea Wendover imekula vipande vya misitu ya kale. Mwaka 2020 vijana walipanda juu ya miti ya Jones' Hill Wood wakaishi humo ili isikatwe. Walishushwa na maafisa wa kuhamisha watu, na mwaka uliofuata sehemu ya msitu ikakatwa. Udongo wake ulihamishiwa mahali pengine kwa matumaini kwamba mbegu zitaota. Msitu uliochukua miaka 400 hauhamishwi kwa lori, hata injinia awe hodari namna gani.

Habari njema hazikosekani. Kuanzia mwaka 1989 makinda 90 ya mwewe mwekundu, ndege aliyekuwa amekwisha kabisa katika Uingereza, yaliletwa kutoka Hispania yakaachiwa katika vilima hivyo. Sasa mtembezi haendi saa moja asimwone mmoja akielea juu, mkia umegawanyika kama wa samaki. Wenye nyumba karibu na msitu huwatupia nyama bustanini, jambo ambalo wataalamu hawalipendi.

FAMILIA SAFARINI

Familia ya Kiingereza ikitoka huchukua ramani, chupa ya chai, mikate yenye jibini, na makoti ya mvua hata jua likiwaka, maana hawaliamini. Viatu ni jambo la kwanza. Chaki ikilowa huteleza kama sabuni na kunata kama unga wa ugali. Watoto hufundishwa mapema kwamba lango lililokutwa limefungwa hufungwa, na lililokutwa wazi huachwa wazi, kwa sababu mkulima ana sababu yake. Mbwa hufungwa kamba penye kondoo. Mkulima akimkuta mbwa akifukuza kondoo zake aweza hata kumpiga risasi, na sheria ikamtetea. Ng'ombe mwenye ndama ni hatari kuliko fahali. Akimjia mtu mwenye mbwa, mbwa aachiliwe akimbie, kwa kuwa ng'ombe humfuata mbwa. Jioni, miguu ya watoto hukaguliwa kupe, ambao huko huleta ugonjwa wa viungo na mishipa.

Ugomvi uliobaki ni wa karatasi. Ramani rasmi zilizoamriwa mwaka 1949 zilichorwa kwa msaada wa mabaraza ya vijiji, na kazi haikuwa sawa kila mahali. Kijiji kimoja karani wake alitembea kila njia kwa daftari. Kijiji cha pili karani alileta ukurasa mtupu. Matokeo yake njia nyingi ambazo babu zao walizitumia kwenda kanisani, kinuni na shuleni hazimo. Sheria ya mwaka 2000 ilisema kwamba njia za kale zisizoandikwa kabla ya tarehe 1 Januari 2026 zitakufa. Hapo ile kanuni ya kwamba njia ya umma haifi ingevunjwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 chama cha watembezi, Ramblers, kiliwaomba watu wa kujitolea walinganishe ramani za zamani na za sasa, kipande kwa kipande. Walipata zaidi ya maili 49,000 za njia zinazoelekea kuwa zimesahauliwa, karibu kilomita 79,000. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuiondoa siku hiyo ya mwisho. Mwaka 2023 ikageuka, ikaweka mwaka 2031. Na Desemba 2024 serikali mpya ikatangaza kwamba itaifuta kabisa. Wazee wa vijiji, wengi wao walimu na makarani waliostaafu, hawakungoja. Wanaendelea kukaa katika nyumba za kumbukumbu, wakinakili hati za ardhi za karne ya 18 na 19, wakitafuta mstari mmoja unaotaja njia. Kila ombi huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kuamuliwa.

Mwisho wa Ridgeway hauna mji. Mtembezi akitoka Tring anapanda tena katika malisho ya wazi, miti inabaki nyuma, na mbele yake kinasimama kilima cha Ivinghoe Beacon, ambako zamani moto uliwashwa kutoa ishara. Mbali kidogo, katika kilima cha jirani, anaonekana simba mweupe aliyechorwa kwa chaki mwaka 1933 kutangaza bustani ya wanyama ya Whipsnade. Juu ya kilele kuna upepo na kibao chenye ramani ya njia nzima. Wenye kumaliza hupigana picha hapo. Kisha hutazama saa zao, kwa kuwa kituo cha garimoshi kiko nyuma, mwendo wa karibu kilomita 6, na njia ya kukirudia ni ile ile waliyojia.